Kutunga muziki kwa sauti za msituni zisizosikika

Jua likizama kwenye msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, nyenje na vyura huanza makelele kiasi kwamba watu wawili waliosimama pamoja hulazimika kupaza sauti ili wasikizane. Na bado sehemu kubwa ya sauti za wakati huo haimfikii mtu. Tembo wa msituni huitana kwa ngurumo zilizo chini mno. Popo nao, wanapotoka kuwinda wadudu, hupiga milio kumi au zaidi kila sekunde. Baadhi ya spishi huvuka desibeli 110 ukipima sentimita 10 kutoka mdomoni, nguvu ya kuumiza masikio, ila milio yenyewe iko juu mno.

Sikio la mtu hushika mitetemo kuanzia hezi 20 hivi (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi hezi 20,000, yaani kilohezi 20, na kwa watu wazima wengi upande wa juu hukomea kwenye kilohezi 15 au chini ya hapo. Kilicho nje ya mipaka hiyo kinaweza kurekodiwa, kuingizwa ndani ya mipaka, kisha kutungiwa muziki. Wengi wakisikia habari hii hudhani kuna kifaa kinachofungua wimbo uliofichwa msituni, kazi ya mtunzi ikabaki kusikiliza tu. Kifaa hicho hakipo. Kuna hesabu ya kugawanya na kuzidisha, na mtunzi ndiye anayechagua namba. Namba ikishachaguliwa, nusu ya muziki imeshatungwa.

Waimbaji wenyewe

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Katy Payne, aliyekuwa amezoea kuchunguza nyimbo za nyangumi, alisimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Oregon, akahisi hewa ikitetema bila kusikia kitu. Rekodi zilipochezwa kwa kasi kubwa, ngurumo zikatokea. Kwa tembo wa msituni msingi wa ngurumo huwa kati ya hezi 10 na 35 hivi, na juu yake hupangana hamoniki: msingi ukiwa hezi 15, kuna 30, 45, 60 na kuendelea. Ndiyo maana aliye karibu sana na tembo husikia mngurumo hafifu. Anachosikia ni hamoniki, msingi wenyewe unampita.

Upande wa popo, aliyethibitisha kwamba hutoa sauti tusizozisikia ni Donald Griffin, mwaka 1938, akiwa bado mwanafunzi wa Harvard. Alipeleka popo mbele ya kifaa cha mwanafizikia George Pierce kilichoweza kushika sauti za juu, na chumba kilichodhaniwa kimya kikajaa milio.

Kwa mtunzi, popo si kundi moja. Wale wa jenasi Rhinolophus, wenye pua yenye umbo la kiatu cha farasi, hushikilia noti moja karibu bila kuyumba kwa milisekunde 30 hadi 60. Hao ndio waimbaji. Popo wengine wengi wala wadudu hutoa mlio mfupi, milisekunde 3 hadi 5, unaoporomoka kutoka juu kwenda chini. Ukianzia kilohezi 80 na kuishia 40, umeshuka oktava nzima. Hao ni wapiga ngoma. Hipposideros caffer, popo mdogo anayepatikana sehemu nyingi za Afrika, hupiga karibu na kilohezi 140, na kumpata ni shughuli nyingine kabisa. Popo wakubwa wanaopigana vikumbo kwenye miembe hawafai kwa kazi hii: wengi wa wala matunda hawatumii mwangwi wa milio yao kutafuta njia, na kelele zao kila mtu anazisikia.

Wadudu wasisahaulike. Panzi wa usiku, jamaa ya senene, husugua mabawa na baadhi yao huvuka mpaka wa sikio kwa mbali. Jenasi Supersonus ya misitu ya Kolombia na Ekwado, iliyoelezwa kisayansi mwaka 2014, ina spishi inayofika kilohezi 150. Katika misitu ya Usambara Mashariki, ambako hakuna tembo wa kutegemea, popo na panzi wanatosha kujaza kazi nzima.

Kurekodi

Kinasa cha kidijitali hupima shinikizo la hewa mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Kanuni ni moja: ili kushika mtetemo, kasi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya mtetemo huo. Rekodi ya kawaida ya sampuli 48,000 kwa sekunde inaishia kilohezi 24. Kwa popo wa kilohezi 140 unahitaji zaidi ya 280,000. Vinasa vidogo vya utafiti kama AudioMoth hufika 384,000, hivyo hushika hadi kilohezi 192. Maikrofoni nayo iwe na uwezo huo. Kinasa kinaweza kuandika sampuli 384,000 za kitu ambacho maikrofoni haikukisikia.

Ukishusha kasi bila kichujio cha kuzuia sauti za juu, sauti hizo hazipotei, zinajikunja. Popo wa kilohezi 40 akirekodiwa kwa sampuli 48,000 hujitokeza kwenye kilohezi 8, na mlio wake unaoshuka utaonekana unapanda. Kuna watu wametungia wimbo kivuli cha namna hiyo bila kujua.

Uzito wa mafaili upangwe mapema. Sampuli 384,000 za biti 16, chaneli moja, ni megabaiti 46 kwa dakika, karibu gigabaiti 2.8 kwa saa. Karibu na ikweta jua huzama muda uleule mwaka mzima, kwa hiyo saa mbili kuanzia machweo zinatosha kwa popo wanaotoka; kadi ya gigabaiti 64 itabeba usiku kumi na moja. Gawa rekodi katika mafaili ya dakika moja moja. Faili la saa nzima huchosha kompyuta, na likiharibika limeondoka na saa nzima.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la saa. Vinasa hivi hutumia saa ya kimataifa, na mashariki mwa Kongo iko mbele kwa saa mbili, Tanzania na Kenya kwa saa tatu. Anayeandika 18:00 kwenye ratiba bila kukumbuka hilo hurekodi Epulu, huko Ituri, kuanzia saa mbili usiku, popo wakiwa wametawanyika zamani. Tena daftari likiandikwa "saa moja usiku", saa ya mkononi ikisema 19:00 na faili likisema 17:00, mtu wa tatu hawezi kuvioanisha. Andika ukurasa wa kwanza wa daftari ni saa ipi inayotumika.

Popo afuatwe kwenye njia yake: juu ya kijito, kwenye kichochoro cha miti, mwanya uliofunguliwa na mti ulioanguka. Funga kinasa kwenye mti mwembamba au nguzo, mita mbili au tatu juu, mbali na ukuta, mwamba au shina nene, kwa sababu mwangwi unaorudi hukata baadhi ya masafa (kasi za mtetemo) na kuuacha mlio na mapengo. Sauti za juu hazisafiri. Kwenye kilohezi 50 hewa humeza desibeli 1 hadi 2 kila mita, kwenye 100 zaidi ya 3. Kwa hiyo Hipposideros caffer hunaswa akipita mita chache tu kutoka kwenye maikrofoni, na ukimya kwenye faili si ushahidi kwamba hakuwepo.

Unyevu ni adui wa kila siku. Tone moja juu ya tundu la maikrofoni huziba sauti za juu huku makelele ya nyenje yakiendelea kuingia vizuri, hivyo faili linasikika salama kumbe lina uziwi wa nusu. Elekeza tundu chini kidogo, weka pakiti ya jeli ya silika ndani ya boksi, na tikisa funguo mbele ya kinasa kila unapobadilisha betri: mgongano wa chuma hutoa sauti nyingi za juu, na zisipoonekana kwenye faili, maikrofoni imeziba. Paka grisi kwenye kamba kuzuia siafu.

Tembo wanataka mpango mwingine. Sampuli 4,000 kwa sekunde zinatosha, na hiyo ni gigabaiti 0.7 tu kwa siku nzima. Zima kichujio cha kukata besi, ambacho vinasa vingi huja kikiwa kimewashwa. Kinafuta hasa kile ulichokifuata. Hakikisha maikrofoni inashuka hadi hezi 10 bila kudhoofika. Upepo ukigusa kiwambo cha maikrofoni hutoa mngurumo palepale kwenye masafa ya tembo, kwa hiyo kifuniko cha sponji au manyoya ni lazima hata ndani ya msitu mzito. Kinasa kipandishwe mita saba au zaidi. Mkonga ni mrefu, na tembo ni mdadisi.

Kutenganisha mnyama na takataka

Fungua kila faili kama spektrogramu, picha inayoonyesha masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda, kabla ya kulisikiliza. Kwa popo tumia dirisha (kipande kinachochambuliwa kwa mara moja) la sampuli 512, ambalo kwa kasi ya 384,000 ni milisekunde 1.3, likiwa refu zaidi mlio mfupi unageuka doa. Kwa tembo, dirisha la 2,048 kwenye sampuli 4,000 linatenganisha mistari iliyopishana hezi 2.

Mstari ulionyooka usiku kucha bila kukatika ni umeme, mara nyingi wa kinasa chenyewe au taa ya karibu. Mistari sambamba iliyonyooka chini ya hezi 100 ni jenereta au pikipiki. Ngurumo ya tembo ina mistari sambamba pia, lakini hupinda kama mgongo, hupanda kidogo na kushuka ndani ya sekunde chache. Matone ya mvua huchora nguzo za wima kutoka chini hadi juu. Na popo akipiga karibu mno, geini (kiwango cha kukuza sauti) ikiwa kubwa, sauti inapasuka na kuzaa nakala: mlio wa kilohezi 25 unapata wenzake kwenye 50 na 75. Baadhi ya popo wana hamoniki za kweli, kwa hiyo tazama umbo la wimbi: likiwa limekatwa vichwa, usiziamini nakala hizo.

Kisha chuja. Huu ni utaratibu usiobadilika: chuja kwanza, punguza kasi baadaye. Nyenje wa kilohezi 5 ukimshusha mara 16 anatua kwenye hezi 312, katikati kabisa ya sauti ya mtu anayeongea, na yupo kwenye kila sekunde ya rekodi. Kichujio kinachokata kila kitu chini ya kilohezi 18 au 20 kinamwondoa kabla hajaleta fujo. Ukigeuza utaratibu huo, utalazimika kumwinda katikati ya popo waliokwisha kushushwa, na hutammaliza.

Kuchagua namba

Njia safi ya kushusha popo ni kuicheza rekodi polepole. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, menyu ya traki (track) ya faili ina sehemu iitwayo "Rate": badilisha 384,000 iwe 24,000, na sampuli zilezile zitachezwa kwa kasi ndogo mara 16. Usichague "Resample". Hiyo hupanga upya sampuli ili sauti ibaki ilivyo, na kwa kasi ya 24,000 itafuta kila kitu kilichozidi kilohezi 12, popo wote wakiwemo.

Vifaa vya watafiti wengi hushusha mara 10, kwa kuwa kilohezi 40 kuwa 4 ni rahisi kichwani. Kwa muziki namba 10 ni mbaya. Inashusha oktava 3 na theluthi hivi, kwa hiyo noti inabadilika jina. Tumia 8, 16 au 32, ambazo ni oktava 3, 4 na 5 kamili. Popo wa kilohezi 40 akigawanywa kwa 32 anakuwa hezi 1,250, karibu kabisa na Re-dizi ya juu ya piano, na mlio wake wa milisekunde 50 unakuwa noti ya sekunde 1.6. Hiyo inaimbika. Kwa 8 angekuwa hezi 5,000, juu ya noti ya mwisho ya piano, mfupi na wa kuchoma sikio.

Wapiga ngoma wanapendeza zaidi kwa 16. Popo anapomkaribia mdudu huongeza milio kutoka kumi kwa sekunde hadi zaidi ya mia moja, yote ndani ya nusu sekunde. Ikipunguzwa kasi mara 16, nusu sekunde hiyo inakuwa sekunde nane za mdundo unaoharakisha hadi kumiminika, kisha kimya cha ghafla mdudu akishanaswa. Usiuguse. Ni vigumu kuandika mdundo bora kuliko huo.

Kuna njia mbili nyingine, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kutoa masafa badala ya kugawanya, kama zifanyavyo redio za popo za mkononi: kilohezi 40 toa 38, unasikia 2 papo hapo, urefu wa mlio haubadiliki. Inafaa kutafutia popo porini. Kwa muziki inavunja uwiano. Hamoniki za tembo za hezi 20, 40 na 60 ukiziongezea 200 zinakuwa 220, 240 na 260, na zilizokuwa sauti moja yenye mwili zinageuka sauti tatu zinazogombana.

Njia ya pili ni programu za kubadili noti bila kugusa muda. Hukata sauti vipande vya, tuseme, sampuli 2,048. Kwa kasi ya 384,000 kipande hicho ni milisekunde 5.3, yaani mlio mzima wa popo unaingia ndani ya kipande kimoja na mporomoko wake unapotea. Kwa ngurumo ya tembo, iendayo taratibu, programu hizo hufanya kazi vizuri. Kwa popo usizitumie kabisa.

Noti zisinyooshwe. Popo anayekuja kwa mita 5 kwa sekunde husikika juu kwa karibu asilimia 1.5, robo ya nusu-toni, na akipita hushuka kiasi hichohicho. Popo wa Rhinolophus hata hushusha sauti yao wenyewe wanaporuka, ili mwangwi urudi kwenye noti ambayo sikio lao linaifahamu zaidi. Programu ya kunyoosha noti ikipita juu ya hayo, imefuta mwendo wote na kuacha kinanda kibovu.

Tembo na popo kwenye wimbo mmoja

Kati ya hezi 20 na kilohezi 40 kuna oktava 11 kasoro kidogo. Piano nzima ina saba na kitu. Ukimpandisha tembo mara 4 na kumshusha popo mara 32, umekunja oktava saba. Tembo anakaa hezi 80, popo 1,250, na katikati zinabaki oktava nne, nafasi nzuri kwa wimbo.

Tatizo ni muda. Saa moja ya tembo imekuwa dakika 15, dakika moja ya popo imekuwa dakika 32. Ukiviweka pamoja, wanaoonekana kuimba kwa pamoja hawakuwahi kuwa pamoja. Suluhisho linalotetewa hapa ni kutenganisha saa na sauti. Chagua uwiano mmoja wa saa kwa kazi nzima, kwa mfano saa moja ya msitu iwe dakika 6. Kila mlio uwekwe mahali pake kwenye saa hiyo, kisha uchezwe kwa urefu wake mpya. Ngurumo mbili zilizopishana sekunde 40 zitapishana sekunde 4, na ngurumo ya sekunde 5 iliyopandishwa mara 4 itachukua sekunde 1.25. Inaingia bila kubanana.

Popo hawaingii kirahisi hivyo. Mmoja akipita mbele ya maikrofoni kwa sekunde mbili anaacha milio ishirini, na kwenye saa mpya ana nafasi ya sekunde 0.2. Chagua mlio mmoja tu wa kila mpito, ule wenye nguvu zaidi, na ndio utakaowakilisha popo huyo. Melodi inayotokea ni orodha ya waliopita, kwa mpangilio waliopita, na tofauti ndogo za noti kati ya popo mmoja na mwingine ndizo zinazoipa uhai. Ukitaka mdundo wa kumnasa mdudu, simamisha saa, uache ujitanue peke yake sekunde zake nane, kisha rudisha saa. Waeleze wasikilizaji kwenye maelezo ya kazi kwamba hapo saa imesimama.

Kuhusu tembo kuna kishawishi cha kumpandisha mara 8 ili asikike kwenye simu. Kikubalie ikibidi, lakini ngurumo ya sekunde 5 inabaki sekunde 0.6 na uzito wake unakwisha. Bora mara 4, na hamoniki zote ziachwe. Spika ya simu haiwezi hezi 80, ila ikitoa 240, 320 na 400, ubongo hukisia msingi uliokosekana. Anayesafisha rekodi kwa kukata kila kitu juu ya hezi 100 anamnyima msikilizaji wa simu tembo mzima.

Vibali viombwe kabla ya safari: ICCN, taasisi ya uhifadhi ya Kongo, kwa Hifadhi ya Okapi huko Ituri; COSTECH, tume ya sayansi ya Tanzania, na wakala wa misitu TFS kwa Amani huko Usambara Mashariki; NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kwa Kenya. Kinasa kinachoshika popo kinashika pia maongezi ya watu wanaopita njiani, kwa hiyo wanakijiji waambiwe kilipo na sauti zao zifutwe. Mahali walipo tembo pasiandikwe kwa usahihi popote, hata ndani ya jina la faili, maana majangili nao wana intaneti.

Rekodi ghafi zitunzwe katika WAV zikiwa na kasi yao ya awali. MP3 haipokei zaidi ya sampuli 48,000, na faili likishapita humo popo wameondoka moja kwa moja. Kazi iliyokamilika yenyewe inaweza kuwa MP3, kwani kila kitu kimeshaingia kwenye masafa ya sikio. Andika pembeni yake namba tatu: popo wamegawanywa kwa ngapi, tembo wamezidishwa kwa ngapi, na saa imebanwa kwa kiasi gani. Mwenye namba hizo anaweza kuirudisha kila noti mahali ilipotoka.